Lenzi Mbili na Lori la Bluu

Zilibaki siku mbili tu kabla ya harusi ya kule Igamba, na kamera ya Atuganile haikuwa na lenzi.

Lenzi alikuwa nazo, tena nne, zimepangwa kabatini kwenye studio yake pale Mlowo. Tatizo zote zilikuwa za kamera ya zamani. Ile aliitumia miaka tisa mpaka maandishi ya vitufe yakafutika, na wiki iliyopita alimuuzia mpiga picha mmoja wa Vwawa, kwa sababu mpya ilikuwa imeshafika: bodi ndogo, nyepesi, ya hizi za kisasa zisizo na kioo cha ndani kinacholia kla kila ukifyatua. Aliipenda tangu alipoitoa kwenye boksi. Ila mdomo wake haukupokea lenzi za zamani. Akatafuta kiunganishi, zikaingia, lakini zikawa zinasitasita. Zinakwenda mbele, zinarudi nyuma, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Na bibi harusi huwezi kumwambia asubiri kuvishwa pete mpaka lenzi ipate fahamu.

Basi Alhamisi ile akamwacha binti yake Angel kwa bibi yake, akapanda gari kwenda Tunduma kwa Wiliam.

Wiliam alikuwa na duka la kuuza na kutengeneza kamera kwenye ghorofa ya pili ya jengo moja linalotazama barabara kuu. Chini yake, siku hiyo kama siku nyingi, foleni ya malori ya kwenda Zambia ilikuwa imelala, lori nyuma ya lori, mpaka jicho linachoka. Wiliam akaweka lenzi mbili juu ya kitambaa.

"Hii fupi ni ya milimita hamsini," alisema. "Kanisa liwe na giza la namna gani, hii itaona. Lakini lazima umsogelee mtu. Hii ndefu ni sabini mpaka mia mbili. Hii unakaa zako mlangoni mwa kanisa, unamnasa bibi harusi chozi likiwa bado kopeni, na mwenyewe hajui."

"Mchungaji wa Igamba hataki mpiga picha avuke benchi la kwanza," Atuganile alisema. Tayari mkono wake ulikuwa kwenye ile ndefu.

"Na ukumbini usiku, taa zikiwa mbili?"

Mkono ukahamia kwenye fupi. Wiliam akacheka. Mfuko wa Atuganile uliruhusu moja tu kwa sasa, na jioni ile mteja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa anakuja kuchukua itakayobaki. Atuganile aliogopa kukosea. Kwenye kazi yake kosa halionekani siku ile. Linaonekana Jumatatu, ukiwa umekaa na picha mia tisa zilizoungua, na ukoo mzima wa bibi harusi, wakulima wa kahawa, unakupigia simu.

"Panda juu ya paa," Wiliam alimwambia. "Kuna mwanga na kuna umbali. Zijaribu zote mbili. Nimekuwekea kadi mbili humo ndani, kila picha inaandikwa mara mbili. Kadi moja ikifa, nyingine ipo. Ile kamera yako ya zamani haikuwa na kitu hicho."

Ilikuwa kama saa nane mchana. Juu ya paa kulikuwa na matanki mawili meusi ya maji, kamba za kuanikia nguo, na nondo za nguzo ambazo mwenye jengo hakuwahi kuzimalizia. Jua lilikuwa kali kuliko kawaida ya Tunduma. Atuganile akafunga lenzi ndefu, akaegemea ukingo, akaielekeza kamera chini kwenye malori.

Kamera ile ilikuwa na jambo jingine jipya: ilitafuta watu yenyewe. Popote palipo na uso ilichora kiboksi cha kijani na kuushikilia, hata mtu akigeuka. Ikamshika dereva mmoja anayekoroga uji, kiboksi juu ya jicho lake. Ikamshika mwanamke mwenye beseni la ndizi kichwani. Atuganile alitabasamu. Ilikuwa inavuta mpaka unaona nyuzi za kilemba.

Kisha kiboksi kikaenda mahali pasipo na mtu.

Kilikaa ubavuni mwa lori moja lenye turubai la bluu, kama mita hamsini hivi kutoka kwenye jengo. Pale turubai lilikuwa limechanika kidogo karibu na kamba, tundu lisilozidi kiganja. Ndani ya tundu kulikuwa na weusi tu. Kiboksi kikatetemeka, kikazima, kikawaka tena palepale.

"Kumbe mbovu," alijisemea, na moyo ukamshuka, maana alikuwa ameshaanza kuichagua. Lenzi inayoona watu kwenye turubai ataipelekaje harusini? Akaitoa, akafunga fupi. Kwa fupi lori lilikuwa dogo kama kiberiti na hakukuwa na kiboksi chochote. Akarudisha ndefu. Kiboksi kikarudi pale pale.

Akapiga picha. Akaikuza kwenye skrini: weusi. Akaongeza mwanga mpaka anga lote likawa jeupe na malori mengine yakafutika kabisa, akapiga tena, akaikuza.

Ndani ya tundu kulikuwa na mdomo.

Ulikuwa umebanwa kwenye mpasuko wa turubai, umefunguliwa wazi, midomo imepasuka na kuwa myeupe. Juu yake pua, na jicho moja nusu limefumbwa. Atuganile alitazama kwa muda bila kuelewa anachokiona. Labda utingo amelala juu ya mzigo, aliwaza. Akaweka jicho kwenye kamera tena. Ule uso uliondoka, kama umevutwa, na mwingine ukachukua nafasi yake, na kiboksi kikaudaka. Halafu mwingine. Walikuwa wanapokezana tundu.

Uso wa tatu ulikaa muda mrefu. Kiboksi kilitulia juu yake bila kutetemeka. Kisha kikazima, ilhali uso ulikuwa bado upo. Kamera haikuuona tena kama uso.

Atuganile alifyatua, akafyatua, hajui kwa nini, na lenzi ikateleza kidogo kushoto. Kiboksi kikaruka na kumshika mtu mwingine: mwanamume mwenye koti la kijani, ameegemea tairi la lori lile lile. Alikuwa ameinua kichwa. Labda kioo kikubwa cha mbele cha lenzi kilimmulika. Macho yake yalikuwa makali kwenye kitafutio, kile kidirisha cha kuchungulia, kila unywele wa ndevu unahesabika, na yalikuwa yanamtazama yeye.

Kidole cha Atuganile kilifyatua chenyewe. Kisha akachuchumaa nyuma ya ukingo.

Alipochungulia tena, tairi lilikuwa peke yake.

Ngazi ya kupanda paani ilikuwa moja. Atuganile aliwaza kushuka, lakini akasikia viatu vinapanda, taratibu, vya mtu asiye na haraka. Akakimbilia nyuma ya tanki. Akasimama pale, amekumbatia kamera, mpaka akili ikamwambia kwamba mtu aliyekutwa amejificha tayari amekiri. Akatoka, akajitia anaipiga picha kamba ya nguo.

"Habari za mchana, dada."

"Nzuri."

Hakuwa mtu mkubwa. Koti lake lilikuwa limepigwa pasi, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya adabu.

"Unapiga nini huku juu?"

"Najaribu lenzi. Nina harusi Jumamosi, sasa nachagua ipi nichukue."

"Harusi ya malori?" Alicheka peke yake, kisha akanyoosha mkono. "Hebu nione."

Atuganile hakumpa kamera; aliigeuza tu ili aone skrini. Ikatokea picha ya mwisho: yeye mwenyewe, koti la kijani, macho juu. Mwanamume aliitazama muda mrefu.

"Inavuta hivi?"

"Ndiyo."

"Ya nyuma yake."

Ikaja ya lori, turubai, tundu jeusi. Ikaja nyingine. Kwenye skrini ile ndogo, chini ya jua, hakukuwa na kitu cha kuona kwa mtu asiyejua pa kutazama. Huyu alijua. Taya zake zilikaza.

"Futa. Zote."

Akafuta. Kila picha kamera ilimuuliza kama ana hakika, na kila mara kidole kilijibu ndiyo. Wakati anafuta alikumbuka maneno ya Wiliam. Anachokifuta hapa ni kadi ya kwanza. Ya pili imekaa kimya ndani. Aliogopa hata kuliwaza jambo hilo, kana kwamba yule mtu angelisikia.

Kamera ilipoandika kwamba hakuna picha, mwanamume akashusha pumzi. Kisha akainama, akaushika mkoba wa kamera wa Atuganile, akasoma maandishi yaliyochapwa ubavuni kwa sauti, kama mwanafunzi darasani: "Atu Picha. Mlowo, mkabala na soko la mazao." Akasoma na namba ya simu, tarakimu zote. "Atu ndiyo wewe?"

"Ndiyo."

"Una watoto, Atu?"

"Sina."

Kwenye mkanda wa kamera kulikuwa na shanga za plastiki ambazo Angel alizitunga wiki ile, rangi rangi, herufi zinasema MAMA. Mwanamume alizigusa kwa ncha ya kidole.

"Haya," alisema. "Nitapita siku moja unipige paspoti."

Akashuka kama alivyopanda.

Atuganile aliposhuka, Wiliam alikuwa amesimama katikati ya duka lake, bisibisi mkononi, uso umesawijika. "Aliniuliza nani yupo juu," alisema. "Nikamwambia mteja tu. Dada Atu, umefanya nini?"

Atuganile alifunga mlango kwa komeo, akachomoa kadi ya pili, akaichomeka kwenye kompyuta. Picha zote zilikuwepo. Wiliam akavuta mwanga wa kivulini juu kidogo kidogo, na kutoka kwenye ule weusi wakaanza kujitokeza: mdomo, kisha nyuma ya mdomo vidole vya mtu mwingine vimeshika bega lake, na nyuma ya vidole meno ya mtu mwingine tena. Kwenye picha ya mwisho ya tundu, yule ambaye kiboksi kilimwacha, macho yalikuwa wazi na vumbi limetua juu yake.

Wiliam akazima skrini.

"Zifute."

"Kaka Wili, wale wanakufa."

"Nimeona. Sijasema sijaona." Alinong'ona ingawa hakukuwa na mtu. "Lakini mimi nipo hapa kila siku. Watu wa biashara ile huwajui. Yule mtu anaweza akawa anakunywa chai na huyo utakayekwenda kumwambia. Utampigia nani? Unamjua nani?"

Hakumjua mtu. Hilo ndilo lililomkaa kifuani. Wiliam akachomoa kadi, akambandikia kiganjani, akafunika lenzi zote mbili kwa kitambaa. "Nenda nyumbani. Lenzi utaamua kesho, yule wa Nakonde nitamzuia. Toka kwa nyuma."

Akatoka kwa nyuma, bodi ya kamera tupu mkobani, kadi kwenye soksi. Akapanda bodaboda, akamwambia ampeleke kituo cha Mpemba akadake gari la Mlowo. Njia ilikuwa moja tu, ile ile inayopita kando ya foleni. Walipolikaribia turubai la bluu aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mgongo wa dereva. Hakusikia chochote kutoka ndani ya lori, na hilo lilimtisha zaidi kuliko kelele. Alipoinua macho, koti la kijani lilikuwa pale pale kwenye tairi. Mkono ukapunga. Kumuaga, kama mtu anayeaga jirani.

Njiani alijiambia mambo mengi. Kwamba labda watavuka jioni na watashushwa. Kwamba labda dereva anawapa maji. Kwamba ana mtoto mmoja na mama mzee, na kwamba yule mtu amesoma namba zote za simu. Kila alilojiambia lilikuwa na ukweli ndani yake, na hakuna hata moja lililomfanya aache kuuona ule mdomo.

Kama kilomita mbili mbele, kando ya foleni, mama yake mdogo Ketrina alikuwa na kibanda cha chakula cha madereva. Atuganile alimwambia dereva asimame. Alijidanganya kwamba anashuka kunywa maji.

Ketrina alikuwa anasonga ugali. Alimtazama mara moja, akaepua sufuria. "Nani amekufa?"

"Mama mdogo, kuna lori la turubai la bluu..."

"La dereva mwenye jino la dhahabu? Lililala hapa mbele yangu juzi na jana." Ketrina alijifuta mikono. "Juzi usiku alinunua mikate ishirini na madumu mawili ya maji. Nikajiuliza, watu wawili wanakula mikate ishirini? Jana hakununua kitu. Leo asubuhi foleni ikasogea, akaondoka. Kwani vipi?"

Atuganile akamweleza. Alianza polepole, akamaliza hana pumzi. Ketrina aliposikia habari ya mikono mabegani, alikaa chini kwenye gunia la mkaa.

"Wahabeshi," alisema. "Au watu gani sijui. Ila ni watoto wa mtu."

"Nikienda polisi, na huyo mtu akajua ni mimi? Ana jina langu. Anajua nilipo. Ameshika shanga za Angel, mama mdogo."

"Jina lako analo. La kwangu hana." Ketrina aliwatazama akina mama wa vibanda vingine, kumi na kitu, wanaopika, wanaomenya, wanaobishana na wateja. "Ukimnong'oneza mtu mmoja, unakaa unangoja huyo mmoja atafanya nini. Tukipiga kelele, nani atasema ni Atu?"

"Kelele gani?"

"Moto."

Alisema hivyo akiwa ameshasimama. Akafunga kanga kiunoni, akajitwika dumu la maji, akapita kibanda kwa kibanda. Atuganile hakusikia anawaambia nini, aliona tu wanawake wanaacha vyungu vyao. Ketrina aliporudi alimwambia, "Wewe baki hapa uangalie moto wangu. Umeshafanya la kwako."

Atuganile alibaki. Alishika mwiko. Aliwaona wakiwasimamisha madereva wa bodaboda, wanapanda wawili wawili na madumu mapajani. Alisimama na mwiko ule kwa muda ambao baadaye hakuweza kusema ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha akaona kwamba wanakwenda kutafuta tundu ambalo hawajui liko upande gani wa lori, na anayejua ni mmoja tu. Akadondosha mwiko, akakimbilia bodaboda ya mwisho.

Kelele zilianza kabla hajafika. "Moto! Lori linaungua! Moto jamani!" Ketrina alikuwa na sauti ya kuimbia kwaya, na akina mama wakaidaka. Madereva wakaruka kutoka kwenye vyumba vya malori yao. Hakuna kinachomkimbiza dereva wa lori kama neno lile. Nyuma yako kuna tangi la mafuta, mbele yako kuna jingine. Mzambia mmoja mrefu alikuja na mtungi wa kuzimia moto, anapiga kelele za moto kwa lugha ya kwao, "Mulilo! Mulilo!" na kumuuliza Ketrina, "Bamayo, mama, moto uko wapi?"

"Ndani ya turubai!" Ketrina alimjibu.

Mwenye koti la kijani alisimama mbele ya kamba, mikono imetanuliwa. "Hakuna moto! Nani kasema kuna moto? Ondokeni!" Lakini watu walikuwa tayari mia, na wenye mitungi hawakumsikiliza. Atuganile alipenya katikati yao, amejifunika kanga ya mtu kichwani. Aliliona tundu. Alilisogelea mpaka akalifikia kwa mkono, lilikuwa juu kidogo ya kichwa chake, na kutoka ndani ilitoka harufu ya jasho, mkojo na kitu kingine. Akanyoosha kidole.

"Hapa," alisema. Sauti haikutoka. Akasema tena, kwa nguvu, "Hapa! Chaneni hapa!"

Mwenye koti la kijani aligeuka. Walitazamana, mara hii bila lenzi yoyote kati yao, hatua tatu. Kisha kisu cha Mzambia kikashuka kwenye turubai, mkono wa mtu ukaning'inia nje, na umati ukatoa sauti moja ambayo haikuwa neno. Alipotazama tena, koti la kijani lilikuwa linapotea chini ya matrela, upande wa mpaka.

Waliwashusha mmoja mmoja. Nyuma ya lori kulikuwa na ukuta wa magunia ya pumba, na mbele yake wamekaa watu ishirini na mmoja mahali pa watu wanane. Wengi walikuwa vijana. Wengine walishindwa kusimama. Akina mama waliwashika, wakawalowanisha midomo kwa vidole kwanza, Ketrina akiwakemea waliotaka kuwapa maji mengi kwa pupa. Wawili hawakuhitaji maji. Waliwalaza kivulini mwa lori na kuwafunika kanga. Atuganile hakwenda kuwafunua. Hakujua kama mmoja wao ndiye yule aliyemwona, wala kama angekuwa hai iwapo yeye asingepita kwenye lori lile ameinamisha kichwa. Ilikuwa imeshakaribia saa kumi. Karibu saa mbili nzima tangu auone ule mdomo.

Polisi walifika, dereva mwenye jino la dhahabu akakamatwa ndani ya lori, chini ya kitanda chake mwenyewe. Walipouliza nani aliona kwanza, akina mama wote walisema wao.

Usiku ule na uliofuata Atuganile alilala na Angel kitanda kimoja, kabati limesukumwa mlangoni. Ijumaa alirudi kwa Wiliam, akachukua lenzi fupi.

"Nilidhani ndefu ndiyo ilikuwa imekuteka moyo," Wiliam alisema.

"Siwezi kuiwekea jicho."

Harusini alifanya kazi yake. Mchungaji alimruhusu avuke benchi la kwanza, baada ya mama wa bibi harusi kumbembeleza, na picha zilitoka vizuri, nyingine vizuri sana. Lakini kila mwanamume aliyeingia na koti la rangi yoyote ya majani, kamera ilimshuka mikononi. Simu ilipoita kwa namba asiyoijua, aliiacha iite.

Jumatatu alimfuata Ketrina hospitalini kuwapelekea uji watu waliotolewa kwenye lori. Kwa mazoea alikuwa amevaa kamera shingoni. Vijana waliokuwa vitandani walipoiona walivuta shuka mpaka usoni, wote, wodi nzima, kama upepo umepita. Atuganile aliitoa shingoni haraka, akaificha mkobani, akaomba radhi kwa lugha wasiyoielewa. Aligawa uji kwa mikono mitupu. Mmoja alipomaliza kikombe alimtazama, akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa. Hakujua anashukuriwa kwa uji au kwa nini.

Kadi ilikuwa bado kwenye soksi, na soksi kwenye droo. Aliipeleka kituoni siku ya tisa. Si kwamba hofu ilikuwa imekwisha. Ilikuwa imemchosha tu. Askari aliyeipokea, Afande Yonathani, mtu mzima wa miwani, aliitazama ile picha ya koti la kijani kwa muda, akaikuza mpaka jicho likajaa skrini.

"Hii ni picha," alisema taratibu.

Baada ya wiki tatu alimpigia. Mtu yule alikuwa amekamatwa Isongole, kwenye njia ya kuelekea Malawi, na picha ile ndiyo iliyomtambulisha. Atuganile alikwenda kituoni kuandika maelezo. Alikuwa amevaa vizuri kama anakwenda kanisani.

"Ana wenzake," alimwambia Afande.

"Anao."

"Hamjawapata."

"Hatujawapata wote." Alivua miwani. "Sitakudanganya, mama. Tunaweza kutumia picha bila kukuita, lakini kesi itakuwa nyepesi. Ukisimama mwenyewe ukasema uliona nini na saa ngapi, itakuwa nzito. Ni hiari yako. Nenda kafikirie."

Nje, kwenye benchi, Ketrina alikuwa anamsubiri na Angel mapajani, anamsuka. Atuganile aliwatazama kupitia dirishani. Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho, anasikiliza hadithi.

Aligeuka.

"Niandike," alisema. "Jina lote. Na hizo saa mbili nilizochelewa, ziandike pia."